Kitanda cha mtumba cha kuunga, droo za kushoto zinakwama: ni sakafu au ni kitanda?

#1 Mpangaji_Ntinda
Salaam wadau. Kitanda ni cha mtumba, cha kufungua na kuunga upya, 160 kwa 200, chipibodi ya mm 18 yenye ngozi nyeupe. Droo nne, mbili kila upande. Kimekuja mbao mbao, skrubu zote ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) moja, karatasi ya maelekezo hakuna. Kimesimama. Droo za kulia zinateleza, za kushoto zinaingia hadi zimebaki kama vidole vinne, kisha zinagoma. Mtu akikaa juu ya kitanda zinagoma zaidi. Msimamo wangu: tatizo ni sakafu. Saruji ya chumba hiki imeinamia kushoto, maji yakimwagika yanajua njia. Kuna anayebisha?

#2 SpanaKumiNaTatu
Nabisha. Sakafu husingiziwa mengi. Toa godoro na chaga, vuta tepu kona kwa kona, kisha kona zile mbili nyingine. Kwa 160 kwa 200 lazima usome sm 256 pande zote. Zikitofautiana, fremu imelala upande. Legeza viungo vyote, sukuma ndani ile kona ya kipimo kirefu, pima tena, ndipo ukaze.

#3 Mfumbati
Njia ni sahihi, namba si sahihi. 160 kwa 200 ni kipimo cha godoro. Fremu yenyewe huzidi kwa unene wa mbao na nafasi waliyoacha ya shuka, kwa hiyo akitafuta 256 atakesha. Anachotaka ni namba mbili zilingane, zikiwa ngapi ni shauri lao. Tofauti ya mm 3 vumilia.

Swali kwa mleta uzi: droo ziko kwenye reli au zinatembea sakafuni kwa magurudumu? Hivyo ni vitanda viwili tofauti. Zikiwa za magurudumu, sakafu ndiyo mshtakiwa. Zikiwa za reli, sakafu ni shahidi tu.

#4 Mpangaji_Ntinda
Reli za chuma zenye gololi, urefu sm 50. Boksi la droo lina upana wa sm 92.

#5 Fundi_wa_Nsambya
Hapo sasa. Sikubaliani na #2 wala #3 kuhusu kona kwa kona, angalau si kwa ugonjwa huu. Fremu ikilala upande, reli mbili za droo moja zinabaki sambamba. Moja inatangulia mwenzake kidogo, basi. Uso wa droo utakaa mshazari, utaona ufa upande mmoja, lakini droo itaingia. Kinachokwamisha droo ni reli kutokuwa sambamba: mdomoni nafasi inatosha, nyuma imebana.

Reli ya gololi inataka mm 12.7 hadi 13 kila upande wa boksi. Boksi la sm 92 linataka sm 94.6 kati ya mbao mbili zinazobeba reli, na hiyo 94.6 uipate mdomoni, katikati na nyuma. Nyuma ikipungua mm 2 tu, droo itaingia vizuri mwanzoni na kugoma mwishoni, kama unavyoeleza. Ingekuwa inagoma wakati wa kutoka, ningesema mdomo ndio umebana.

Chanzo chake: ubao wa kati unaotenganisha droo mbili umeingia kwenye tundu lisilo lake, au kikufuli cha nyuma (kile cha duara kinachozungushwa kushika bolti) hakijashika na ubao umeyumba. Ukishindwa kuusogeza, kwa reli inayobanwa fungua reli na uchonge nyuma yake. Kwa reli iliyolegea weka kipande cha karatasi ngumu nyuma ya skrubu, mm 1 kwa mm 1. Usiweke kadibodi ya mawimbi, inabonyea.

#6 SpanaKumiNaTatu
Mzee, hesabu yako inasahau kitu. Fremu ya ukubwa huo, tofauti ya sm 1 kona kwa kona ni kupinda kwa kama mm 2 kwenye urefu wa reli ya sm 50. Na kwenye droo yenye upana wa sm 92, reli moja inatangulia nyingine kwa karibu mm 4. Boksi la droo lenyewe ni mraba. Unalilazimisha liingie kwenye tundu ambalo si mraba, na gololi hazina mchezo wa mm 4. Kwa hiyo fremu iliyolala inakwamisha.

#7 Fundi_wa_Nsambya
Boksi la chipibodi lenye kitako cha mm 3 linajipinda lenyewe hizo mm 4 bila kulalamika. Litapiga kelele, halitagoma. Lakini apime vyote viwili, tepu haitozwi kodi.

#8 Nakawa_Hadwea
Mnaenda mbali. "Zimebaki vidole vinne" maana yake inagoma mahali palepale kila mara. Kitu kinachogoma palepale kimegonga kitu. Vuta droo yote nje, bonyeza ulimi mweusi kwenye reli mbili kwa pamoja, mmoja juu na mwingine chini, itatoka. Angalia skrubu ndani ya reli. Zinatakiwa za kichwa bapa kinachozama, namba 6, urefu mm 16. Mtu akichota kwenye kaveera akaweka skrubu ya kichwa cha duara, kichwa kinasimama na kibeba gololi kinaenda kukigonga. Skrubu moja kama hiyo inatosha kugomesha droo.

Pia angalia kama kibeba gololi kimekwama katikati ya safari. Ukirudisha droo bila kukivuta kije mbele kabisa, kinapondeka na gololi zinamwagika. Ikifika hapo, nunua jozi mpya. Reli za sm 50 zipo kwenye maduka ya vifaa vya makabati, ila pima ya zamani kwanza, maana ya sm 50 na ya inchi 20 zinatofautiana karibu mm 8 na matundu hayakutani.

#9 Mama_Kasubi
Je, kama amebadilisha reli za kushoto na kulia? Hilo nalo hutokea sana kwenye mitumba.

#10 Mfumbati
Mama, hilo ni la reli za magurudumu madogo ya plastiki, zile nyeupe zilizopakwa rangi. Zile zina herufi: CL, CR za kwenye mwili wa kitanda, DL, DR za kwenye droo, kushoto na kulia ukiwa umesimama mbele. Upande mmoja una kingo inayoshika gurudumu, wa pili uko wazi, kwa hiyo ukichanganya, droo inabana au inadondoka. Za gololi kwa kawaida hazina kushoto na kulia. Ila zina mbele na nyuma, na zina jozi. Reli mbili za viwanda tofauti kwenye droo moja hazielewani.

#11 Boda_na_Ubao
Mimi nimekuja kuuliza tu: kitanda kilisafirije? Kama ule ubao wa mita 2 ulipanda boda kutoka Bugolobi hadi Ntinda ukiwa umelala begani mwa abiria, basi tusipime kitu, tuombe.

#12 Mpangaji_Ntinda
Kilikuja kwa pikapu, ssebo (bwana). Vipimo hivi hapa, tuache utani. Kona kwa kona: tofauti mm 9. Upande wa kushoto, nafasi kati ya mbao za reli: mdomoni 94.6, nyuma 94.4. Skrubu za reli ni za kichwa bapa zote, ila mbili hazijazama vizuri, zinazunguka tu. Pimamaji: upande wa kushoto uko chini kwa mm 7. Na mguu wa katikati, ule wa chini ya boriti, haupo. Haukuwamo kwenye mzigo.

#13 Fundi_wa_Nsambya
94.4 nyuma. Nimemaliza.

#14 SpanaKumiNaTatu
Mm 9. Nimemaliza mimi.

#15 Nakawa_Hadwea
Skrubu mbili hazijazama. Nani amemaliza?

#16 Entebbe_Unyevu
Ninyi watatu mmeruka sentensi ya mwisho. MGUU WA KATIKATI HAUPO. Kitanda cha sm 160 chaga zake ni nusu mbili za karibu sm 80, ncha za ndani zote zinakaa kwenye boriti ya kati. Nusu ya uzito wa walalaji na godoro unaishia pale. Boriti ya mita 2 bila mguu inabonyea katikati, inavuta mbao za ndani zilizoshikana nayo, na zile mbao ndizo zinazobeba nyuma ya reli. Ndiyo maana mtu akikaa juu, droo inagoma zaidi. Hiyo 94.4 kaipima kitanda kikiwa kitupu. Apime mtu akiwa amekaa.

Mguu si kitu cha kutafuta duniani. Pima kutoka chini ya boriti hadi sakafuni, kitanda kikiwa kimesawazishwa, nenda kwa wachomeleaji wa Katwe hapa Kampala, wakukatie bomba la mraba la inchi 1, juu kibati chenye matundu mawili ya skrubu, chini nati iliyochomelewa na bolti ya M8 au M10 (unene wa mm 8 au 10) ya kurekebisha urefu. Waambie wakate pungufu ya sm 2, bolti imalizie. Ukikata sawasawa na kipimo, sakafu kama hiyo itakuaibisha. Na usiweke tofali. Tofali halina urefu unaoutaka, na likisogezwa na ufagio mguu umekwenda.

#17 Mfumbati
Naunga mkono mguu, lakini mguu wa kati ukizidi urefu kwa mm 3 kitanda kinakuwa bembea na kona zinaning'inia. Uguse sakafu bila kuinua. Karatasi ya daftari ipite kwa shida chini yake kikiwa kitupu, hapo pametosha.

#18 Mama_Kasubi
Hizo skrubu zinazozunguka bila kuzama, dawa yake si njiti za kiberiti na gundi?

#19 Fundi_wa_Nsambya
Njiti zinafaa kwa bawaba ya kabati la vikombe. Kwa kitanda, hapana. Chipibodi ni vumbi la mbao na gundi, haina nyuzi za kushika. Kila ukifungua na kufunga, meno ya skrubu yanasaga tundu. Kitanda cha mtumba kimeshafungwa mara moja kiwandani kwa mpango, na mara kadhaa nyumbani kwa hasira.

Fanya hivi. Tundu la skrubu ya reli: chokonoa vumbi lote, toboa kwa biti ya mm 8, kina mm 12 tu (mbao ni mm 18, ukipitiliza umetoboa ngozi ya upande wa pili, zungushia biti plasta kama alama). Pigilia pini ya mbao ya mm 8 yenye gundi nyeupe ya mbao, futa inayofurika, acha hadi kesho yake. Kata usawa, kisha toboa tena mm 2.5 katikati kabla ya kurudisha skrubu. Asiyekuwa na pini anunue kipande cha mbao ngumu Ndeeba akichonge, mvule au mugavu. Paini laini haisaidii sana.

Tundu la ile bolti ya kikufuli linataka pini ya mm 10, halafu tundu jipya la mm 5. Hapa kipimo kisikosee hata mm 1, maana bolti lazima ikutane na tundu la kikufuli upande wa pili. Kabla hujatoboa, unganisha mbao mbili kavu kwa pini zake za mm 8, ingiza msumari kupitia tundu la ubao wa pili, uweke alama.

#20 Kikufuli15
Tukiwa kwenye vikufuli, vile vya duara vya mm 15: tafadhali msikaze kwa mashine. Ni aloi ya zinki, inavunjika kama biskuti. Mshale au mdomo wake uelekee ukingo wa ubao kabla bolti haijaingia. Bolti ikiingia, zungusha kwa bisibisi ya mkono kufuata saa, kama nusu mzunguko au zaidi kidogo, hadi uhisi kizuizi. Kikizunguka chote bila kushika, usiongeze nguvu, sababu ni tatu. Bolti haijakazwa hadi kola yake ikagusa ubao. Au pini za mbao ni ndefu kuliko mashimo yao na mbao hazijakutana. Au umechanganya bolti, kwani zipo za katikati ya kikufuli kuwa mm 24 kutoka ukingoni na zipo za mm 34. Zikiwa kaveera moja zinafanana kama pacha. Zipange mezani kwa urefu kabla ya kugusa ubao.

#21 SpanaKumiNaTatu
Ongeza: usikaze chochote hadi mwisho. Watu wengi hufunga kona ya kwanza kwa nguvu zote, ya pili kwa nguvu zote, ya nne haiingii. Unga kila kitu kwa kulegea, kwenye mahali kitakapolala, maana kitanda cha chipibodi kilichokazwa hakiburutwi. Sawazisha matendegu kwa vipande vya plaiwudi. Pima kona kwa kona. Kaza mifumbati. Kisha mbao za reli, kisha boriti na mguu. Ingiza droo zikiwa tupu ujaribu. Chaga mwishoni, nazo zifungwe, zisiwekwe tu: ikiteleza moja, nyingine zinapokea uzito wake na mpasuko unaanza.

#22 Entebbe_Unyevu
Kabla ya yote hayo, mwenye kitanda atazame kingo za chini za mbao za kushoto. Alisema maji yakimwagika yanaenda kushoto. Chipibodi ikinywa maji inavimba na hairudi. Mm 18 ikisoma mm 20 au 21 kwenye kingo, basi ile mm 2 ya nyuma imepatikana bila kumlaumu fundi wala mraba. Kwetu kando ya ziwa, msimu wa Machi hadi Mei unamaliza vitanda hivi kuliko watoto. Iliyovimba kidogo, piga msasa, pakaza gundi nyeupe iliyolainishwa kwa maji kidogo, ikikauka pakaza vanishi mara mbili. Inyanyue kutoka sakafuni angalau sm 1.

#23 Mpangaji_Ntinda
Nimepima kingo: 18 mbele, 19 na nusu nyuma. Kwa hiyo ni unyevu au ni sakafu iliyoleta unyevu?

#24 Fundi_wa_Nsambya
Huyu hataki sakafu ishindwe kesi.

#25 Kunguni_Sitaki
Hakuna aliyetaja wadudu? Kitanda cha mtumba, matundu ya vikufuli, nyuma ya reli, mifuo ya vitako vya droo: huko ndiko kunguni hukaa. Fungua yote kabla ya kuingiza chumbani, tafuta madoa meusi madogo kama ya wino. Maji ya moto yanaua lakini yatakuvimbisha chipibodi kama #22 alivyosema. Mvuke uelekezwe kwenye vyuma na chaga tu. Mbao zifute kwa kitambaa chenye spiriti, mbali na moto, na matundu uyapulize. Jua peke yake haliaminiki. Mayai yanahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 liingie hadi ndani, na ubao ulioachwa juani ukiwa umeegemezwa ukutani unapinda.

#26 Mama_Kasubi
Asante. Na godoro? Nina wasiwasi na hizo sentimita.

#27 Mfumbati
Una haki. Magodoro yetu yanauzwa kwa futi. 5 kwa 6 ni sm 152 kwa 183. Kwenye fremu ya 160 kwa 200 unabaki na sm 8 upande na sm 17 miguuni. 6 kwa 6 haliingii kabisa, ni sm 183 upana. Agiza likatwe 160 kwa 200, au nunua 5 kwa 6 lisukume hadi mchagoni, miguuni ujaze kipande cha povu cha unene uleule kilichoshonewa kitambaa. Usijaze kwa nguo, zinasukumwa na godoro linatembea. Na chaga zisiachane zaidi ya sm 7, povu linazama katikati yake.

#28 Mkaratusi
Kwa muda wote huu, seremala angekuwa ameshamaliza kitanda cha mbao halisi chenye droo.

#29 Kikufuli15
Cha mkaratusi mbichi, ambacho baada ya msimu mmoja droo hazitoki kabisa. Tunajua.

#30 Mkaratusi
Nilisema mbao halisi, sikusema mbao mbichi.

#31 Nakawa_Hadwea
Turudi. Droo ya sm 92 kwa 50 ni pana kuliko kina chake, na droo za umbo hilo hupenda kwenda upande zikivutwa kwa mpini mmoja pembeni. Sukuma kwa mikono miwili ujaribu: ikiingia yote ikisukumwa katikati kabisa, si reli wala sakafu. Tazama pia kitako. Hadibodi ya mm 3 kwa upana huo inabonyea, inachomoka kwenye mfuo wa nyuma na kukwaruza ubao wa chini. Badilisha kwa plaiwudi ya mm 6 kama mfuo unaruhusu, au gundisha kipande chembamba cha paini chini katikati, mbele hadi nyuma.

#32 Mpangaji_Ntinda
Nimeisukuma katikati: moja imeingia, ya pili imegoma. Mtu akikaa juu, zote zinagoma.

#33 Entebbe_Unyevu
Mguu.

#34 Fundi_wa_Nsambya
Moja imeingia, moja imegoma, na mnasema boriti ileile? Ubao wa kati umeegemea upande mmoja. Reli.

#35 SpanaKumiNaTatu
Umeegemea kwa sababu fremu imelala. Mm 9.

#36 Kikufuli15
Mkiendelea kubishana, jambo moja kwa anayekwenda kununua bolti za mifumbati: zile nati za pipa ndani ya mbao kwenye vitanda hivi mara nyingi ni M6. Dukani watakupa ya robo inchi, zinafanana kwa macho, 6 dhidi ya 6.35. Inaingia mizunguko miwili kisha inabana, ukilazimisha kwa spana umeharibu nati na huwezi kuitoa bila kupasua ubao. Nenda na nati mkononi, bolti iingie yote kwa vidole.

#37 Mpangaji_Ntinda
Mfumbati wa kushoto una moja iliyobana hivyohivyo, mizunguko miwili. Nilidhani ndivyo inavyokazwa.

#38 Nakawa_Hadwea
Haya, sababu ya saba hiyo. Usiizungushe tena. Pulizia mafuta, irudishe nyuma robo mzunguko kwa wakati, na utuletee picha ya kona hiyo.